Lenzi za kulala nazo kwa mtoto asiyeona mbali: dhana potofu na ukweli

Lenzi hizi huvaliwa usiku, zikabadilisha kwa muda umbo la mbele ya jicho, ili mchana mtoto aone mbali bila miwani.

"Programu ya kompyuta ikishachora lenzi, kazi imekwisha." Sivyo. Mashine humulika miduara ya mwanga juu ya konea, kile kioo cha mbele ya jicho, na jinsi miduara inavyoakisiwa ndivyo ramani ya mkunjo wake inavyopatikana. Programu huichukua ramani hiyo, pamoja na namba ya miwani ya mtoto na upana wa konea, ikakokotoa mikunjo ya lenzi kuanzia katikati hadi ukingoni. Lakini haijui kope za mtoto zinabana kiasi gani. Na kama alipepesa macho wakati wa kupimwa, ramani huharibika, na hesabu nayo.

Ndiyo maana mtoto hulala na lenzi usiku mmoja, asubuhi akapimwa upya. Programu huiondoa ramani ya kwanza kutoka kwenye hii mpya na kuonyesha kilichobadilika. Likionekana duara bapa katikati, limezungukwa na pete, mambo yamekaa sawa. Likionekana umbo la mdomo unaotabasamu, usifurahi: lenzi ilipanda juu usiku, na mara nyingi itabidi iongezwe kina. Kikibaki kisiwa kilichoinuka katikati, kwa kawaida kina cha lenzi kimezidi. Hapo fundi wa lenzi anarudi kwenye hesabu.

"Lenzi inalifinya jicho." Haifanyi kama pasi juu ya shati. Ni tabaka jembamba la machozi chini yake linalosukuma na kuvuta ngozi ya juu ya konea, yenye unene wa takriban maikroni 50 tu, yaani milimita 0.05. Katikati hupungua, kandokando huongezeka.

"Mtoto kashapona." Akiacha kuzivaa, konea hurudia umbo lake na ubao wa darasani unafifia tena. Faida nyingine ni kupunguza kasi ya jicho kurefuka: katika utafiti wa Hong Kong uliochapishwa 2012, kwa watoto wa miaka 6 hadi 10 waliofuatiliwa miaka miwili, urefu uliongezeka kwa asilimia 43 pungufu kuliko kwa waliovaa miwani. Kupunguza, si kusimamisha.

"Marekani iliziidhinisha 2002, basi hazina hatari." Vidonda vya konea ni nadra, ila vipo. Lenzi haisuuzwi kwa maji ya bomba, hata mara moja, kwa sababu ya vijidudu kama akanthamiba. Mtoto akiamka na jicho jekundu linalouma, lenzi isivaliwe usiku ule. Aonwe kliniki siku hiyohiyo.