Karatasi ndani ya spika: gitaa la "Rocket 88"

Watu wengi wakiusikiliza wimbo wa "Rocket 88" huvutwa na sauti ya Jackie Brenston, au saksafoni ya Raymond Hill inayopiga kelele katikati. Mimi nawaomba mshuke chini, kwenye gitaa la Willie Kizart. Linapiga noti za besi mfululizo, na linavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye debe.

Amplifaya ya Kizart, yaani kikuza sauti chake, iliharibika njiani, Machi 1951, bendi ya Ike Turner ikitoka Mississippi kwenda Memphis. Sam Phillips, mwenye studio, hakuahirisha kazi. Spika ilisokomezwa karatasi, kisha sauti hiyo mbovu ya gitaa ikawekwa mbele badala ya kufichwa. Hilo la pili ndilo lililoubeba wimbo.

Koni ni ile sehemu ya spika inayotikisika; ikiwa nzima husukuma hewa kwa ulaini. Koni iliyolegea hugongana na karatasi kila noti nzito inapopita, na vilele vya wimbi hukatwa. Hapo huzaliwa sauti za juu ya noti iliyopigwa: uzi mnene wa gitaa ukipigwa wazi, bila kubanwa kidole, una hezi 82 (mitetemo 82 kwa sekunde), na juu yake hujitokeza kwa nguvu 164, 246, 328 na kuendelea. Redio ndogo haiiwezi 82, lakini hizo nyingine inazitoa, na sikio hujijazia lililokosekana. Ndiyo maana besi hii hupenya hata kwenye spika duni.

Ukitaka kujaribu, tafuta spika kuukuu ya inchi 8 au 10 na amplifaya ya valvu (zile taa za kioo za zamani) ya wati 5 hadi 15. Toa kitambaa cha mbele, ufanyie kazi upande huo tu. Nyuma kuna volti mia kadhaa, na kapasita, vile vifaa vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata umeme ukizimwa. Kunja kipande cha gazeti mara mbili, kiiguse koni karibu na ukingo. Kikibana sana, sauti inafifia. Kikining'inia, utasikia mchakacho usiofuata noti. Kisogeze kidogo kidogo huku mwenzako akirudia noti ileile ya chini.

Pedali ya distosheni, ile ya mguuni inayokwaruza sauti ya gitaa, achana nayo. Baadhi ya pedali hukwaruza karibu sawa kwa kila pigo. Karatasi humsikiliza mpigaji. Akipiga kwa upole inatulia, akikandamiza inanguruma.