Ustoa si "liwalo na liwe"

Bei ya mnada wa korosho ikitangazwa na kuonekana ndogo, hakosekani mtu kijiweni wa kusema: "Tuwe Wastoa tu, jamani. Liwalo na liwe." Wenzake wanaitikia kwa vichwa. Neno zuri, ila limewekwa pasipo pake.

Maana yake kwa ufupi: Ustoa ni falsafa ya Wagiriki wa kale inayofundisha kwamba wema wa maisha uko kwenye uadilifu na hukumu sahihi ya akili, si kwenye bahati. Basi.

Jina ndilo lenye utamu. Kwa Kigiriki, stoa ni ukumbi mrefu wenye nguzo, ulio wazi upande mmoja. Zeno, mtu wa Citium huko Kupro, alianza kufundisha Athens mnamo mwaka 300 kabla ya Kristo katika ukumbi wa namna hiyo, uliopambwa kwa michoro, pembeni ya soko. Aliyeona nyumba kongwe za Mikindani, mji wa pwani ya Mtwara, hahitaji maelezo marefu: Wastoa ni watu wa barazani. Na barazani hakuna aliyejitenga na dunia. Wapita njia wanakusikia na wabishi wanakukatiza. Marcus Aurelius, Mstoa mashuhuri, alikuwa mfalme wa Roma kuanzia 161 hadi 180, na miaka mingi ya utawala wake aliimalizia vitani. Huyo hakuwa mtu wa kukunja mikono.

Sasa kinachokera. Epictetus, Mstoa mwingine aliyezaliwa mtumwa, aligawa mambo mafungu mawili. Yaliyo juu yetu, yaani yaliyo katika uwezo wetu, ni maoni, msukumo wa kutenda, kutaka na kukwepa. Yasiyo juu yetu ni mwili, mali, sifa na cheo. Wengi hudhani mpaka unapita kati ya shamba na soko: mikorosho ni yangu, bei ni ya wanunuzi. Haupiti hapo. Hata mkorosho wenyewe hauko juu yako. Ugonjwa wa ubwiri unga unaweza kukausha maua yote, mvua inaweza kunyesha wakati mbaya. Kilicho chako ni uamuzi wa kuamka alfajiri upulizie salfa umande ungali majanini na upepo haujaanza, kurudia kwa wakati, na kuanika korosho zikauke sawasawa kabla ya kuzipeleka chama cha msingi cha ushirika. Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, aliieleza fikra hii kwa mfano wa mpiga mshale: kazi yake ni kulenga kwa ustadi wote. Mshale ukishatoka kwenye upinde, hauko tena mkononi mwake.

"Liwalo na liwe" husemwa kabla hata upinde haujavutwa. "Subira yavuta heri" nayo haifai, kwa kuwa inaahidi malipo, na Wastoa hawakuahidi bei. Seneca, Mstoa wa Roma, alishauri mtu aseme: nitasafiri baharini, lisipotokea la kunizuia. Pwani yetu tuna neno linalokaribia hapo, inshallah, likisemwa na yule aliyekwisha kumfunga ngamia wake.

Kwa hiyo ndugu wa kijiweni asiyepulizia wala kupalilia, akasema bei haimhusu, amekata tamaa, na hali hiyo ina jina lake. Aliyefanya yote naye halazimiki kusema hajali. Wastoa waliiweka mali kwenye vitu vya kupendelewa: unaruhusiwa kutaka bei nzuri, na kuibishania chamani pia.