Lugha nyepesi, nyepesi kwa nani?

Jana tena pale Sakina nimemsikia kijana anamwambia mwenzake ajifunze Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maana ni "lugha nyepesi", mwenzake akaelewa kwamba inakimbia, wakabishana mpaka chai ikapoa kumbe kila mmoja anaongelea kitu chake. Hapa Arusha nshaisikia hii mara nyingi mno, naombeni niiseme.

Urahisi wa lugha ya kuprogramu ni uchache wa mambo unayotakiwa kuyashika kichwani ili uandike na usome. Kasi ni muda ambao mashine inatumia kumaliza kazi. Anayebuni lugha anavutwa na hivyo viwili, huku na huku. Basi.

Shida ipo kwenye neno lenyewe. "-epesi" ni Kibantu na lina maana tatu, mzigo mwepesi hauna uzito, mtu mwepesi ana mbio, swali jepesi halisumbui. "Rahisi" limetoka kwenye Kiarabu na huko ni kitu cha bei ya chini, ndo maana mpaka leo pale soko la Kilombero mama akisema nyanya rahisi hakuna anayewaza ugumu wa nyanya. Mi hiyo maana ya bei ndo naipenda, kwa sababu inakufanya uulize gharama kabeba nani.

Python ya Guido van Rossum, iliyotoka 1991, unaandika a + b bila kutaja kama ni namba au maneno, wewe umepumzika, ila mashine kila ikifika hapo lazima ikague ni vitu vya aina gani, na kwenye luupu, yaani kazi inayorudiwa, ya mara milioni inakagua mara milioni. Lugha ya Rust, toleo la 1.0 la 2015, haina wa kuzoa taka za memori, yaani data isiyotumika tena, programu ikiwa inafanya kazi, mashine imepumzika, kwa hiyo anayehangaika ni wewe, unapangilia nani anamiliki data mpaka kompaila, ile programu inayogeuza ulichoandika kuwa lugha ya mashine, iridhike. Wa lugha ya Go wamekaa katikati, maneno maalum ya lugha ni 25 tu, memori inajisafisha yenyewe, ila inakompailiwa, ndo maana ina kasi, na jeneriki, yaani kuandika kodi moja itumike kwa data za aina mbalimbali, hawakuziingiza mpaka toleo la 1.18 mwaka 2022, walikuwa wanatafuta namna ambayo haitavuruga lugha.

Yule kijana wala hakukosea, Python ni nyepesi kujifunza. Angeongeza tu hilo "kujifunza", mwenzake angemwelewa na chai wangeinywa ya moto.