Shirikisho la Kimataifa la Tenisi: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Kila mwaka Roland-Garros inaporushwa kwenye televisheni, hapa Bukavu husikika tena kwamba mashindano hayo ni mali ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ambalo sisi tuliosoma kwa Kifaransa huliita FIT na wengine duniani huliita ITF. Sivyo. Roland-Garros huendeshwa na shirikisho la tenisi la Ufaransa, Wimbledon iko chini ya klabu ya All England, na mashindano makuu ya Australia na Marekani yako mikononi mwa mashirikisho ya nchi hizo. Hata orodha za viwango vya wachezaji wa kulipwa hutolewa kwingine: ya wanaume na ATP, chama cha wachezaji wanaume wa kulipwa kilichoundwa mwaka 1972, na ya wanawake na WTA, chama cha wachezaji wanawake kilichoundwa mwaka 1973 chini ya uongozi wa bingwa wa Marekani Billie Jean King.

Wakishasikia hayo, baadhi ya watu huhitimisha kwamba FIT haina kazi, na dhana hiyo inanisikitisha kuliko ile ya kwanza. Shirikisho hilo, lililoanzishwa Paris mwaka 1913 na ambalo sasa lina makao yake London, ndilo linalotunza kanuni za mchezo, linalomiliki mashindano ya timu za mataifa, Davis Cup ya wanaume na Billie Jean King Cup ya wanawake, linalosimamia tenisi ya viti vya magurudumu, na linaloandaa mashindano ya vijana wa miaka 13 hadi 18 pamoja na yale ya ngazi ya chini ambako wachezaji hupata pointi zao za kwanza za kulipwa.

Wapo pia wanaoamini kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya mabingwa tu. Mchezaji wa Bukavu ana sababu ya pekee ya kulikataa wazo hilo. Mji wetu uko juu ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na kanuni za FIT zinaruhusu mipira maalumu mahali popote palipozidi mita 1,219, kwa kuwa katika hewa nyepesi mpira wa kawaida huenda kasi na kudunda kupita kiasi. Kipimo ni hiki: mpira huachwa uanguke kutoka sentimita 254, ule wa kawaida unapaswa kudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147, ilhali ule wa miinuko haupaswi kuzidi 135. Basi kijana ambaye mipira yake hutoka nje mara kwa mara, akaambiwa kwamba mkono wake ni mzito, huenda kosa si lake peke yake, na mwalimu wake angefanya vyema kuichunguza mipira kabla ya kumlaumu.

Si kweli vilevile kwamba rais wa shirikisho hubadilisha kanuni apendavyo. Mabadiliko hupigiwa kura na mashirikisho ya mataifa katika mkutano mkuu, na yanahitaji theluthi mbili ya kura. Ila kura hazigawanywi sawa, maana mataifa makubwa ya tenisi yana nyingi zaidi, jambo ambalo kwa maoni yangu nchi zetu zingepaswa kulihoji kwa sauti. Wanachama ni mashirikisho hayo, si klabu wala wachezaji, kwa hiyo klabu ya Bukavu inayotaka msaada hupitia shirikisho la taifa.

Dhana ya mwisho inawaumiza watoto. Walimu wengi hudhani kwamba mtoto wa miaka 8 lazima azoee mipira ya wakubwa mapema ili awe mchezaji wa kweli, lakini tangu mwaka 2012 kanuni za FIT haziruhusu mpira wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini. Hutumika mipira ya polepole, myekundu kwanza, kisha ya rangi ya machungwa, halafu ya kijani. Katika mwinuko kama wetu, ambako mpira wa kawaida humruka mtoto kichwani, kuichelewesha mipira hiyo ya polepole ni kumnyima nafasi ya kujifunza kupiga.