Waliopotezwa: maana ya neno hili katika historia ya Ireland

Kiswahili hutofautisha aliyepotea na aliyepotezwa. Aliyepotea huenda kakosea njia tu. Aliyepotezwa, kuna mkono wa mtu.

Nchini Ireland, Waliopotezwa ni watu zaidi ya 15 waliotekwa, wakauawa na kuzikwa kwa siri, karibu wote na IRA, kundi lililopigana kuiondoa Uingereza Ireland ya Kaskazini. Wengi walichukuliwa miaka ya 1970, baadhi wakituhumiwa kuwapasha habari askari wa Uingereza. Machafuko hayo yaliua watu takriban 3,500 hadi mkataba wa amani wa 1998, kwa hiyo hawa ni wachache mno. Lakini wale wengine walizikwa na jamaa zao.

Vijijini Ireland maiti hulazwa nyumbani usiku kucha. Majirani huja kumuaga marehemu, hunywa chai, husali rozari, kisha humsindikiza makaburini. Pasipo maiti, hakuna linaloanza. Mke si mke, wala si mjane. Kwa lugha yetu, hana pa kuanzia eda wala siku ya kuanua matanga. Nadhani ndiyo sababu tamthilia za mapenzi hupata pa kusimama katika nyumba ya mume aliyepotezwa. Mwanamke bado kijana, shamba lina kazi, yupo mwanamume anayempenda naye anampenda, na wote wawili wanaogopa kulitamka. Kukiri penzi ni kukiri kwamba mume amekufa, na waliomuua huenda ndio wanaokaa kiti cha mbele kanisani.

Kimya hicho kilisaidiwa na uvumi. Jean McConville, mjane mwenye watoto 10, alitolewa nyumbani kwake Belfast Desemba 1972. Baadaye mtu aliwaletea wanawe pochi yake na pete zake. Mitaani ikasemwa ametoroka na askari. Watoto walitawanywa kwenye makao ya kulelea. IRA ilikiri mwaka 1999, na mwaka 2003 wapita njia wakauona mwili wake ufukweni, kaunti ya Louth. Mwanawe aliitambua pini ya nepi iliyokuwa kwenye nguo: mama hakukosa kuibandika, kwa kuwa daima palikuwa na mtoto mchanga.

Wengine walifukiwa kwenye nyika za majimaji, zenye udongo mweusi ambao wenyeji huukata vipande, huukausha na kuuchoma kama kuni. Nyika hizo ni pana na hazina alama. Mwaka 1999 Uingereza na Ireland ziliunda tume ya kuwatafuta, kwa sharti gumu: anayeonyesha kaburi, maelezo yake hayatumiki kumshtaki. Familia zilikubali kuikosa haki ili zipate mifupa.

Columba McVeigh, kijana wa kaunti ya Tyrone, alipotezwa mwaka 1975. Nyika ya Bragan, kaunti ya Monaghan, imechimbwa mara nyingi kwa ajili yake. Mama yake, Vera, alifariki mwaka 2007, akiwa bado anasubiri kumzika.