Msaidizi wa akili mnemba kwa mwanafunzi mwenye ADHD: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa pili chuoni nilipoanza kumtengenezea msaidizi wa kwenye simu. Aligundulika kuwa na ADHD, hali ya ubongo inayofanya kutulia, kuzingatia jambo na kujizuia kuwe kugumu, akiwa na miaka 20, baada ya kuitwa mvivu tangu darasa la tatu. Kuandika programu hakukunisumbua sana. Kilichonichelewesha ni mambo niliyoyaamini mwenyewe, ambayo hadi leo nayasikia kila ninapomwonyesha mtu kazi hii.

"ADHD ni ya watoto watukutu"

Mwaka 1902 daktari George Still aliwaeleza madaktari wenzake London kuhusu watoto walioshindwa kujizuia, na kwa miongo mingi baada yake macho yalibaki kwenye utukutu. Mwongozo wa DSM-5 wa madaktari wa akili wa Marekani, uliotoka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zimeonekana kabla ya miaka 12, lakini unazitambua pia kwa watu wazima. Yupo na yule anayekaa kimya dirishani, mwili upo darasani, akili imeshasafiri. Wasichana wengi hupitwa hivyo: hawasumbui, basi hakuna anayeuliza.

"Anachohitaji ni vikumbusho vingi"

Toleo langu la kwanza lilipiga kengele mara tisa kwa siku. Siku ya kwanza alinishukuru. Siku ya nne nilikuwa nimekaa naye mezani, kengele ikalia, na kidole gumba kikaifuta kabla macho hayajaisoma.

Mwanasaikolojia Russell Barkley amelisisitiza hili kwa miaka mingi: mwenye ADHD anajua la kufanya, ila kulifanya kwa wakati wake ndiko kunakokwama. Kikumbusho kinamwambia anachokijua tayari. Ukimwandikia "maliza insha ya sosholojia", umemsimamisha mbele ya mlima bila kumwonyesha njia inaanzia wapi. Siku hizi msaidizi anauliza kwanza: uko wapi, kompyuta iko mbele yako? Kisha anatoa hatua moja tu: "Fungua faili, andika jina lako na namba ya usajili." Ikiisha, ndipo inakuja ya pili. Nilijaribu kumwonyesha hatua zote 15 kwa mkupuo, akafunga simu. Ilikuwa orodha ile ile iliyomshinda, nimeirefusha tu.

"Akili mnemba inajua ratiba yako"

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Modeli ya lugha, yaani akili mnemba inayotunga majibu ya msaidizi, haina saa. Haijui leo ni tarehe ngapi mpaka programu iiambie, na haikumbuki mazungumzo ya jana mpaka yahifadhiwe mahali na kurudishwa mbele yake. Tarehe ya kukusanya kazi lazima ikae kwenye hifadhidata na isomwe humo. Ukiiachia modeli ikumbuke yenyewe, iko siku itakutajia tarehe kwa kujiamini kabisa, na tarehe hiyo haipo.

Halafu kuna saa zetu. Mdogo wangu aliandika: "Nikumbushe kesho saa mbili usiku nisome takwimu." Msaidizi akaweka 02:00. Simu ikalia saa nane usiku, nyumba nzima ikaamka. Mama akadhani kuna msiba. Tangu siku hiyo hesabu ya saa haifanywi na modeli; inafanywa na msimbo wa kawaida unaojua kwamba saa mbili usiku ni 20:00, na kabla ya kuhifadhi chochote msaidizi anauliza: "Jioni baada ya chakula, siyo?"

Hata muda wenyewe una matata. Wengi wenye ADHD hawauhisi unavyopita. Mdogo wangu alisema zoezi moja litamchukua nusu saa. Msaidizi akapima, likachukua saa moja na dakika 50. Hatukumsema. Tulimwonyesha tu namba hizo mbili, moja kando ya nyingine, na safari iliyofuata alianza mapema.

"Ni kumdekeza, atamwandikia kila kitu"

Kugawa kazi na kuandika kazi ni vitu viwili. Msaidizi wangu nimemfungia asiandike aya hata moja ya insha.

"Msaidizi akizungumza na mtu vya kutosha atajua kama mtu huyo ana ADHD"

Hapana, na hili nalikataa kwa nguvu. Kukosa usingizi, sonona na wasiwasi vinaweza kufanana nayo, na mtaalamu huangalia dalili katika mazingira zaidi ya moja: nyumbani, shuleni, kazini. Maandishi ya kwenye simu hayamwonyeshi hayo. Pia anayeunda kitu hiki anashika taarifa za afya za mtu, na sheria za ulinzi wa taarifa za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zinazihesabu kuwa nyeti. Mimi niliamua mazungumzo yabaki ndani ya programu yetu na yafutwe yeye akitaka.

Dhana ya mwisho ilikuwa yangu kabisa: kwamba alama za siku mfululizo humpa mtu hamasa. Alifikisha siku 11, akaruka moja, namba ikarudi sifuri. Hakuifungua programu kwa wiki tatu. Niliziondoa zote. Sasa akirudi baada ya siku tano za ukimya, msaidizi haulizi alikuwa wapi. Anamtajia kazi iliyo karibu, na hatua yake ya kwanza.