Je, programa anahitaji kujua msimbo tu?

Wengi wanaamini kwamba kazi ya programu za kompyuta ni kuandika msimbo, yaani maagizo ambayo kompyuta hufuata, basi, na kwamba anayejua lugha nyingi zaidi, Java, Python, JavaScript, ndiye atakayeajiriwa. Imani hii ina chanzo: matangazo mengi ya kazi huanza na orodha ya lugha hizo.

Lugha ni lazima, ila moja iliyokukaa vizuri yatosha kuanzia. Muda mwingi huenda kwenye kusoma msimbo wa wenzako, kumuuliza mteja anataka nini hasa, na kusaka hitilafu. Hapo maneno yana kazi kubwa. Taarifa isemayo "malipo hayaendi" haimsaidii mtu. Yenye msaada husema: "Nimeweka 1,500.50, nikabonyeza Lipa, nikatarajia risiti, nikapata ukurasa mtupu, 1,500 inapita." Mwenzako anajua mara moja aanzie kwenye desimali.

Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, nayo ni hivyo hivyo. Amri zake za kila siku ni chache, lakini kila badiliko huandikiwa ujumbe mfupi, na ule usemao "marekebisho" hauelezi kwa nini mstari ulibadilishwa. Miezi sita baadaye mtu ataurudisha ulivyokuwa, na hitilafu irudi nao.

Unaweza kuhakiki mwenyewe. Fungua mradi wa programu huria, ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, kama Python yenyewe, tafuta mabadiliko yaliyokubaliwa, uhesabu mistari iliyobadilika, kisha ulinganishe na maswali na majibu yaliyoandikwa chini yake. Fungua kumi, si moja, maana mengine hupita bila mjadala.